Misumeno ya Bi Zuhura

Marahaba, mume wangu Salumu. Huku Cheyo tuko wazima, mvua ndiyo imechelewa, na dada yako Mwajuma ananiandikia huku anacheka.

Unauliza kama ununue hiyo misumeno ya punguzo kwa karakana yako ya nyumbani. Ngoja nikwambie. Babu yako seremala alikuwa ananunua kwa Bi Zuhura tu, mjane mwenye duka, manukato yake unayasikia toka barabarani. Babu yako akisikia punguzo, huyo, na kanzu safi. Wivu ukanikaba, siku moja nikamfuata.

“Mama Hadija, umekuja kununua au kuchunga?” Bi Zuhura akaniuliza.

“Kuchunga,” nikamjibu.

Babu yako wala hakutugeukia. Anachukua msumeno, anaupinda, anauachia. Usiponyooka vizuri anaurudisha, hata uwe wa bei ya bure. Ukinyooka anaugonga kwa kucha, anautegea sikio asikie unavyolia, kama anaambiwa siri.

Nawe fanya hivyohivyo, utapata mzuri. Mimi nilirudi na wivu mkubwa kuliko niliokwenda nao, maana toka anioe hajawahi kunisikiliza namna ile.

Msalimie huyo mke mwenzangu uliyemuoa. Akisema neno, weka msumeno chini kwanza.

Bibi yako