Kichwa Kiliponiuma Ndani ya Arobaini

Alhamisi, alasiri. Upepo wa Isiolo leo umeingia mpaka wodini. Madirisha yamefungwa lakini vumbi limepata njia yake, na shuka langu limekuwa na rangi ya barabara. Naandika kwa kidole gumba, polepole, kwa sababu mkono wa kushoto una sindano ya dripu na sista ameniambia nisiukunje.

Sijawaandikia hapa ukurasani tangu nijifungue. Nilikuwa nimepanga kuwaletea picha ya vidole vidogo na maneno matamu chini yake. Nimeshindwa. Wacha niandike yaliyotokea, kabla sijaanza kuyapamba.

Mtoto anaitwa Nasibo. Alizaliwa salama na sauti anayo. Mimi niliraruka nikashonwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu mzima anaweza kuogopa choo kiasi kile. Nilikuwa nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nimeuma pindo la leso, na upande wa pili wa pazia namsikia mtoto anaanza kulia. Chuchu zilipasuka. Kila alipofungua kinywa kutafuta titi, mimi nilikaza vidole vya miguu hata kabla hajanishika.

Nakiri kitu. Kuna wakati nilimwomba Mungu mtoto achelewe kuamka.

Mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki, kwa hivyo aliyekuja kunitunza ni mama mkwe. Alitoka Sericho kwa gari la mizigo, safari ya kutwa nzima, amekumbatia dumu la maziwa ya ngamia kama vile naye ana mtoto. Tangu Nasibo azaliwe sote tunamwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Mume wangu Guyo ni dereva wa lori. Alikaa nasi siku chache, kisha akaitwa kupeleka vyakula upande wa Korbesa, na huko simu ni bahati.

Akko ni mama mwema. Alinipikia supu ya mbuzi, akanifukizia ubani, akamwogesha mtoto kwa mikono ambayo haitetemeki. Ila alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mwanamke aliyezaa haondoki nyumbani mpaka arobaini iishe. Hata kliniki ya mtoto, alisema, kama ni lazima mtoto apelekwe na mtu mwingine.

Sikumbishia. Nilikuwa nimechoka, na kuna raha fulani katika kuamriwa ukiwa umechoka.

Kichwa kilianza mwishoni mwa wiki. Mwanzo nilidhani ni usingizi. Nani analala na mtoto mchanga? Nilikunywa dawa ya maumivu, haikusaidia. Halafu miguu ikavimba, kisha uso. Pete ya ndoa ikagoma kutoka hata kwa sabuni. Akko alinitazama mashavu akafurahi. Alisema supu imenikubali.

Siku tuliporuhusiwa kutoka hospitali, sista alitusimamia mlangoni akatueleza mambo ya kuangalia. Damu nyingi, joto la mwili, mtoto kukataa kunyonya. Alisema kitu kuhusu kichwa pia, lakini nilikuwa nahangaika na kofia ya mtoto iliyokuwa inamfunika macho. Nusu ya maneno yale niliyaacha pale mlangoni.

Jumanne asubuhi niliamka kichwa kikinigonga kama mtu aliye nje anataka kufunguliwa. Sisi tunakaa Burat, si mbali na kambi ya jeshi, na siku hiyo askari walikuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Kila mlio ulipita katikati ya macho yangu. Akko alichukua kitambaa, akanifunga kichwa kwa nguvu, akaweka fundo upande mmoja wa paji. Nilitulia kidogo, au nilijilazimisha kutulia.

Akko alikuwa nje jikoni. Nasibo akalia. Nikamnyanyua kitandani, nikapiga hatua kuelekea kiti, na hapo vikaanza kuja vimulimuli, vidogo vidogo, pembeni mwa macho. Halafu la kushoto likajaa ukungu, na jicho la kulia likaingia giza. Nilikuwa nimelifungua, lakini halikuwa na kitu ndani yake.

Sikuona mtoto aliyekuwa mikononi mwangu.

Niliegemea ukuta nikateremka taratibu mpaka sakafuni, nimembana kifuani kuliko inavyofaa. Alinyamaza. Labda alishtuka. Nilikaa pale nikihesabu pumzi zake, za kwangu sikuzijali. Mwanga ulirudi taratibu, kwanza mlango, kisha kiti, kisha kichwa chake chenye nywele zilizolala kwa mafuta. Nilifuta machozi. Akko alipoingia nilimwambia nimeona sakafu ina baridi nzuri.

Sijui kwa nini nilidanganya. Nafikiri niliogopa kuitwa mama asiyeweza.

Mama Mwenda ndiye aliyekuja kuniokoa, na hakujua amekuja kwa kazi hiyo. Ni jirani yetu, Mmeru, analima vitunguu kwenye shamba lililo nyuma yetu. Alileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Aliingia na habari zake, akamshika mtoto, akamsifu, akaniangalia. Kisha akaniangalia tena.

"Mama Nasibo, huu uso si wako," alisema.

Nikamwambia kichwa kinauma.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na miguu. Akko alikuwa amesimama mlangoni, kwa hivyo nilishusha sauti nilipofika kwenye jicho, lakini nilimaliza kusema.

Mama Mwenda aliweka kikombe chini. "Mimi si daktari. Lakini mtu anayepoteza macho hakai nyumbani. Twende hospitali sasa hivi."

"Hatoki," alisema Akko.

Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayefunga zizi.

"Mama, huyu ni mgonjwa," Mama Mwenda alisema.

"Ni mchovu. Atalala. Guyo akija, Guyo ataamua."

Nilijaribu simu ya Guyo. Haikuita. Nikajaribu tena, ikaniambia maneno yake yale yale. Vimulimuli vilikuwa vimeanza tena, safari hii pande zote mbili. Nilisimama nikishika ukuta nikafuata buibui yangu msumarini, na Akko akasogea akasimama mbele ya mlango. Mimi na yeye hatujawahi kugombana. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Mama, niache nipite."

Alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na hapo nikaona kwamba kile nilichodhani ni ukali kilikuwa woga.

"Habiba pia alitoka," alisema.

Habiba alikuwa dada yake Guyo. Nilijua alifariki kabla sijaolewa, akiwa bado na mtoto mchanga. Nyumbani hawakuwa wakimtaja, nami sikuwa nimeuliza.

"Alikuwa ndani ya arobaini, kama wewe. Wakasema apelekwe hospitali. Nikakubali. Wakamlaza kwenye gari, barabara ikamtupa, ikamtupa. Akatupa mikono na miguu, akakauka kama mti. Hawakufika. Alitoka kwangu anaongea. Wakanirudishia amefunikwa." Akavuta pumzi. "Ile barabara ndiyo iliua mtoto wangu. Siwezi kutoa mwingine."

Mama Mwenda alimgeuzia Nasibo uso kifuani, kama vile mtoto asingepaswa kusikia.

Sijui swali langu lilitoka wapi. Nilimwuliza, "Mama, kabla ya ile safari, Habiba alikuwa analia nini?"

Nje askari walikuwa bado wanapiga.

"Kichwa," alisema. "Alikuwa analia kichwa. Nilimfunga kitambaa."

Tulitazamana. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye paji langu la uso, ukagusa lile fundo alilolifunga asubuhi. Alilifungua. Vidole vyake havikuwa vile vinavyomwogesha mtoto. Vilikuwa vinakosa, vinarudia. Kisha akachukua shuka yake, akamfunga Nasibo kifuani pake, akamwambia Mama Mwenda kwa Kiswahili chake kifupi, "Tafuta gari."

Tulipata tuktuk. Sitasema mengi kuhusu njia. Mama Mwenda alinishika kiuno upande mmoja, Akko na mtoto wakawa upande mwingine. Kila tulipoingia kwenye shimo, Akko alinishika goti.

"Zeitun, uko?"

"Niko, Mama."

Shimo lingine.

"Uko?"

"Niko."

Nilikuwa namjibu, lakini kwa kweli nilikuwa najijibu mwenyewe. Mwanga wa jua ulinichoma hadi nikafunika macho. Nilianza kuhisi kichefuchefu. Niliposhindwa kujibu kwa sababu natapika, alianza kusoma dua kwa sauti, na dereva akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Hospitalini sista alinifunga ile mashine ya presha mkononi. Alisoma, akaifungua, akaifunga mkono wa pili. Aliinuka, akatembea haraka kuelekea mlango wa ndani, kisha nikasikia hatua zake zikigeuka kuwa mbio. Nikajua. Huwezi kukimbiliwa kwa sababu ya kukosa usingizi.

Baada ya hapo mambo yalikuja vipande vipande. Sindano iliyoniwasha joto kuanzia shingoni mpaka mapajani, kama nimemwagiwa chai. Mtu akiniuliza nimejifungua lini. Taa ikazimwa kwa sababu macho yangu hayakuitaka. Sauti ya Nasibo akilia nje ya mlango, mbali, kisha karibu, kisha mtu akaniwekea mtoto titini nikiwa nimelala ubavu, na kwa mara ya kwanza sikukaza vidole. Sikuwa na nguvu za kuvikaza.

Daktari alinieleza jana nilipokuwa na akili zangu. Ni ile presha ya mimba. Watu wanadhani mtoto akitoka nayo inatoka. Alisema wakati mwingine inabaki, na wakati mwingine ndiyo kwanza inaanza, mama akiwa ameshafika nyumbani, kila mtu anamtazama mtoto. Inaanza na kichwa, macho, kuvimba. Isipotibiwa inaweza kuleta kifafa.

Kwa hivyo nanyi mnaosoma hapa mkiwa na matumbo makubwa, au mna mtoto kifuani sasa hivi: kichwa kisichosikia dawa si uchovu mpaka mtu amekupima. Mwambieni mtu. Mimi nilisema sakafu ina baridi nzuri.

Guyo alipatikana jana jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia huku amesimama. Aliuliza, "Mama alikubali utoke?" Nikamwambia mama ndiye aliyenitoa. Akasema anageuza lori. Yuko njiani anarudi.

Presha imeshuka, lakini daktari hajaridhika nayo. Bado naogopa. Kila ninapofumba macho nangoja vimulimuli. Na sitawadanganya kuhusu mtoto: bado sijapata lile furiko la mapenzi ambalo kina mama wengine wanalisema. Namtazama Nasibo kama mgeni niliyekabidhiwa na mtu ninayemheshimu sana. Ila nilipokuwa pale sakafuni na giza kwenye jicho, kitu pekee nilichojua ni kwamba mikono isiachie. Labda linaanzia hapo. Sijui.

Nina jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nifungue simu leo.

Asubuhi daktari alipopita, Akko alinishika mkono. Kiswahili chake anakiona kidogo mbele ya watu wa koti jeupe, kwa hivyo aliniomba nimuulizie. Aliniambia kwa Kiborana, na Kiborana changu cha kuolewa kilitosha kumwelewa: muulize kama Habiba alikuwa na ugonjwa huu.

Nikauliza. Nikaeleza kichwa, kukakamaa, gari, njia ya Sericho. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Inawezekana kabisa ndio huo."

Akko alikuwa ananitazama mdomoni. Nasibo alikuwa amelala mapajani pake. Nilifikiria kile kitambaa, na fundo lake, na miaka yote ambayo ameiwekea lawama barabara kwa sababu barabara haina moyo wa kuvunjika. Nikamwambia, "Anasema hawezi kujua bila kumuona."

Daktari akaenda kitanda kingine.

Akko alimfunika mtoto miguu. Kisha akasema, kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikosee, "Neno lake nimelisikia. Na lako nimelisikia pia, mwanangu."

Hatujaongea tena tangu wakati huo. Hajakasirika. Ameninywesha uji, amenichana nywele, sasa amesinzia kwenye kiti na mkono wake uko juu ya mgongo wa mtoto, unapanda na kushuka.

Akiamka nitamwomba radhi kwa kumtafsiria visivyo. Halafu nitamwuliza habari za Habiba. Kifo chake nimeshakisikia. Nataka kujua alikuwa anacheka vipi, alipenda kula nini, kama naye alikuwa anaogopa beseni la maji. Na nikiweza, nitamwuliza yule mtoto wake yuko wapi, na nani alimnyonyesha.