Nimeandika Uhakiki Mara Mbili, wa Kweli Ninauogopa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaugua kwa woga, maana hata sasa chakula hakipiti. Naishi hapa mjini Turku, nafundisha watoto kuogelea, na tangu masika naandikia gazeti letu uhakiki wa filamu. Wa kwanza ulihusu filamu ya mjane anayeuza nyumba yake, nikaandika kwamba nililia, nikaeleza ni wapi na kwa nini. Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye onyesho la wahakiki, tunakunywa kahawa ukumbini, mzee Torsten Hägglund, mhakiki mkongwe ambaye kila mtu humwogopa, akatoa simu akasoma maneno yangu kwa sauti, akanigeukia, “Binti, machozi si uhakiki. Umetazama filamu ngapi za kabla ya vita?” Wakacheka wote isipokuwa Oskari, mgeni mwenzangu katika kazi hii, aliyesema, “Mwacheni anywe kahawa yake, mzee. Hata wewe ulianza siku moja.” Basi Torsten akamgeukia yeye, akamchambua kwenye safu yake ya gazeti mpaka Oskari akaacha kuandika kabisa, na mimi sijampigia simu kwa sababu sijui nimwambie nini, maana aliumia kwa ajili yangu.

Sasa mhariri wangu, Marketta, amenipa filamu ambayo Torsten ameisifu mno, na mimi nimeitazama nikachukia, kwani mtumishi wa kike anapigwa humo na kamera inahangaika na mapazia. Tena Marketta amenipanga Alhamisi nikae jukwaani na Torsten tuijadili mbele ya watu! Nimeandika uhakiki wa kuisifu, nimeandika na wa kweli, na sijatuma hata mmoja. Nitume upi? Au niache tu kama Oskari?

Saimi, mwenye hofu

Saimi, pole. Kuchekwa mbele za watu kunauma, na mtu mzima anayemsomea mgeni maneno yake ili achekwe hana adabu, hata awe ametazama filamu zote za dunia. Lakini na wewe usinichoshe. Huo uhakiki wa kusifu unamwandikia nani? Kuna mtu atatoka na mama mkwe wake Jumamosi kwenye mvua kwenda kuitazama filamu hiyo kwa sababu ya maneno yako. Utamdanganya ili Torsten asikukunjie uso? Ufute leo.

Ule wa kweli usome upya. Kila uliposema umechukia, weka tukio: mtumishi anapigwa, kamera imekwenda wapi, imekaa huko kwa muda gani. Torsten anaweza kucheka machozi yako, lakini hawezi kusema pazia halikuwepo. Filamu za zamani kazitazame pia, ni nzuri, ila kwa hamu yako, si kwa kumwogopa yeye.

Mwambie Marketta yaliyotokea ukumbini. Ndiye aliyekuita, basi akulinde: awepo mwongozaji wa mjadala, na kila mmoja apewe muda sawa. Torsten akikuuliza tena umetazama filamu ngapi, mjibu, “Chache kuliko wewe, mzee. Tuzungumzie hii.” Kisha nyamaza. Usimtukane.

Na Oskari! Alikutetea akiwa peke yake, wewe umemwacha apigwe akiwa peke yake. Hujui umwambie nini? Mwambie asante. Mwambie uhakiki wake ulikuwa mzuri, kama ulikuwa mzuri, na umwombe aje Alhamisi akae mbele unapoweza kumwona. Wageni mkijificha kila mmoja kwake, ukumbi ule utabaki wa wazee wanaochekeana.

Unaogopa kuchekwa. Huenda ukachekwa. Lakini bado watu watasikia ulichokiona. Sasa sahihisha tahajia, utume kwa Marketta kabla ya chakula cha mchana, halafu ule.