Povu Ulilopaka Kwenye Mpira wa Tangi

Mke wangu Mama Kerubo,

Mvua ya mchana imenikuta peke yangu karakanani, nikaona heri nikuandikie kuliko kukaa nikiutazama mlango. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Kuna neno sikukuambia, nalo linahusu lile gari la zahanati.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, nawe una mimba ya Kerubo. Gari lilibeba akina mama wajawazito kutoka hapa Nyamira hadi hospitali kule Kisii, na wote walishuka wakitapika, wakisema ndani mnanuka petroli. Dereva wake, Nyaundi, aliniletea gari hilo mara tatu. Mara tatu nililala chini ya tangi nisione hata tone. Nikabadilisha bomba, nikakaza kila kibano, nikamwambia gari ni zima.

Kisha ukapanda wewe mwenyewe kwenda kupimwa. Uliporudi ulikuja moja kwa moja karakanani, uso umekupauka, ukaniambia harufu hutoka nyuma ya kiti, upande wa kulia, gari likipanda mlima tu.

Nilikujibu mbele ya watu: "Umekuwa fundi tangu lini?"

Siku mbili ulinipakulia chakula bila neno. Siku ya tatu nikasikia mama mmoja amezirai humo garini, na dakika chache kabla Nyaundi alikuwa amewasha sigara. Nilikukuta ukipalilia migomba, nikakuomba twende. Hata samahani sikusema.

Njiani ukaniuliza, "Kama petroli haidondoki, si ni mvuke wake unaotoka?"

Tukang'oa kiti. Niliziba matundu ya tangi, nikaacha moja, nikatia hewa polepole kwa pampu ya baiskeli huku ukipaka povu la sabuni kwenye mipira. Tumbo lilikuzuia kuinama, ukapiga magoti. Muda mrefu hatukuona kitu. Halafu ukanishika mkono. Kwenye ule mpira mwembamba wa kupumulia tangi, chini kabisa ya kibano nilichokikaza mwenyewe, viputo vidogo vilikuwa vikitoka kimoja kimoja. Ufa wenyewe haukuzidi unywele.

Ulicheka hadi ukakaa chini. Mimi pia nilicheka. Siku nyingi huirudia saa hiyo kichwani.

Lakini Nyaundi alipokuja kuchukua gari, akauliza nimeuonaje ule ufa, nilisema nimetafuta mpaka nimeupata. Ulikuwa umesimama pale na karai. Ulinitazama, ukaenda kumwaga maji ya sabuni. Tangu hapo watu walitoka Keroka na hata Ogembo kumtafuta fundi anayeona matundu yasiyoonekana, nami nikalibeba jina hilo miaka yote uliyokuwa hai. Hukunidai neno hata moja.

Sabato iliyopita, baada ya ibada, nilimweleza Nyaundi ukweli wote. Akauliza taratibu, "Mbona hukusema akiwepo, asikie?"

Nilirudi nyumbani, nikasonga ugali wa mtu mmoja, ukanishinda. Kerubo yuko shule ya bweni. Nyumba haina mtu wa kuniambia nimekosea.

Nisamehe, mama. Ule ufa uliuona wewe.

Mumeo,
Baba Kerubo