Wanataka Nifupishe

Jumatatu, 12 Mei
Sare za wanafunzi tangu asubuhi. Mvua. Sindano moja imekatika. Kasereka, mdogo wangu, amepita hapa kwenye cherehani na habari mbaya. Ijumaa tunaitwa Beni, mbele ya shefu wa eneo, kwa ajili ya shamba la kakao la marehemu mama. Binamu yetu Paluku anadai ni lake tangu zamani, eti hakumwomba mtu yeyote. Tukishindwa, basi. Sina shamba lingine.

"Yaya, dada yangu, weye unazungukaka sana," amesema. "Ijumaa wacha niseme mimi."

Nimekasirika hadi nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Jumanne, 13 Mei
Shangazi amepiga simu. Halafu mke wa Kasereka. Wote wimbo mmoja: nifupishe.

Ni kweli, nazunguka. Mteja akiuliza bei ya kitambaa, naanzia kwa mama mmoja aliyekileta kutoka Kampala, na gari lake lililokwama Kasindi, na shemeji yake. Shuleni mwalimu aliniandikia "hors sujet", yaani nje ya mada, kwa wino mwekundu, na sifuri chini yake. Sikuacha wakati ule. Siachi sasa.

Kasereka alikuwa Goma miaka yote ile. Mimi ndiye niliyelima na mama. Nitasema mimi.

Alhamisi, 15 Mei
Beni, kwa pikipiki. Mgongo unauma. Joto. Kasereka amenipa karatasi yenye sentensi tatu za kukariri. Nimeifungia karanga.

Ijumaa, 16 Mei
Shefu ameuliza shamba ni la nani. Nimejibu: la mama. Kisha nikaanza. Jinsi tulivyotangulia kupanda migomba ili kakao ipate kivuli. Mafua yaliyomlaza mama msimu ule.

Karani wa shefu, mtu wa Kasai, ameweka kalamu chini.

"Mama, kata maneno. Jibu tu ile tulikuuliza."

Kasereka ananivuta kitenge. Nimemfinya mkono. Nimeendelea. Mama yuko kitandani na mafua yake, Paluku anafika kuomba kipande cha kulima, amekokota mbuzi kilema, nasi tukacheka wiki nzima.

Paluku akaruka juu.

"Bongo! Uongo! Ile mbuzi haikukuwa kilema! Nilileta muzima, mimi mwenyewe!"

Kwetu anayeomba kulima ndiye anayepeleka mbuzi, na anampelekea mwenye shamba. Paluku alikuwa bado amesimama alipolitambua hilo. Karani ameokota kalamu.

Shefu ameamua: shamba ni letu. Sikupanga kitu. Ningepanga, ningeharibu.

Jumatatu, 19 Mei
Nimerudi nyumbani, Butembo. Kasereka ameniletea nakala ya karatasi ya shefu. Anamtangazia kila mteja kwamba dada yake alitega mtego. Nimechoka kukanusha.

Karatasi ina mistari mitano. Shamba, mipaka, mbuzi, sahihi, muhuri. Nimeisoma mara tatu nikimtafuta mama. Ni jina tu, mwishoni mwa mstari wa pili. Nimelia kidogo.

Yaliyobaki nayaandika humu, ambamo hakuna wa kunikata. Siku ile ya mbuzi mama alijifunika blanketi la kijani. Paluku alipoondoka, mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaniambia nimpe mbuzi majani kwanza, ndipo nimletee yeye chai.