Etiketi za Papa nilizoandika upya kwa biki

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Bironi, ofisini kwetu kwenye kituo cha samaki, nilikuwa peke yangu mpaka saa nne. Nyumbani pia niko peke yangu kila siku, sijui kwa nini ya leo imeniuma zaidi.

Kazi ya wiki hii njo hii: jumba la makumbusho la mbali limeomba orodha ya kasamaki kadogo ka mawe, kale kenye urefu wa kidole, kanakojificha kwenye mashimo ya mawe ya pwani. Kila chupa ya samaki ya kituo chetu iingie kwenye kompyuta: nani alikamata samaki, na wapi. Chupa ni kumi na nne. Zote ni za Papa yangu mzazi, Kisimba, aliyefanya kazi hapa mpaka ugonjwa ulipomulaza. Ni miaka miwili tangu tumuzike.

Nimefungua ya kwanza. Karatasi ya etiketi ndani ya alkoli inayotunza samaki ni nyeupe, haina hata neno. Ya pili, nyeupe. Hivyo hivyo mpaka ya kumi na tatu.

Ni mimi.

Papa alikuwa hospitali, na kituo kilikuwa kinangoja wageni. Nikaona haya kwa etiketi zake: zimegeuka manjano, mwandiko wa kuku, tena kwa kreyo, ile kalamu ya kuchonga. Nikaziandika zote upya kwa biki, herufi nzuri za mutoto aliyelipiwa minerval, karo ya masomo. Za kwake nikawashia makaa kwenye mbabula. Sikujua kwamba alkoli inakula wino wa biki polepole, lakini kreyo haiigusi. Papa alijua. Sikumuuliza. Mimi nilifikiri kreyo ni umaskini.

Chupa ya kumi na nne ilikuwa imejificha nyuma ya kabati, siku ile sikuiona. Humo mwandiko wake ungali mzima: "Zongwe, mawe ya mbele ya kwa Mama Faila, maji ya magoti." Nimelia, sifichi. Mawe yenyewe ziwa limeshayameza tangu maji yalipopanda. Hata nikienda, sina pa kuonyesha kidole.

Papa Lukasi, muchunga stoo wetu, akaingia amelowa chapachapa, akanikuta hivyo.

"Mama Feza, andika Zongwe kwa zote, yaishe. Nani atatoka Ulaya kuja kuhesabu mawe?"

"Zote si za Zongwe, Papa."

"Basi weka Kalemie. Yote njo ziwa moja."

Alinihurumia tu, muzee wa watu. Na nilishawishika. Kwenye mustari wa kwanza nimeandika Zongwe, nikaiangalia muda murefu. Papa yangu aliwahi kurudi Kabimba kwa mutumbwi, kutwa nzima, kwa sababu alisahau kama samaki alitoka jiwe la kushoto ao la kulia. Mama alimucheka wiki nzima.

Nikafuta.

Namba ya Papa bado iko kwenye simu yangu. Nimeitafuta, nikaiona, nikaweka simu chini.

Kwa zile kumi na tatu nimeandika hivi. Aliyekamata: Kisimba. Mahali: hapajulikani. Penye maelezo nikaongeza: "Etiketi za kwanza zilichomwa na mutoto wake, Feza." Papa Lukasi amesoma nyuma ya bega langu, akakohoa, akaenda zake. Shefu akitaka kunifukuza, anifukuze. Kwenye kaburi la Papa hatukuandika majina ya watoto, kwa hiyo sasa jina lake na langu yako pamoja huko makumbusho tu, kwenye mustari wa kosa langu.

Kisha nikachonga kreyo, nikaandika etiketi mpya, nikazitumbukiza moja moja. Nilipoinua chupa ya mwisho kwenye dirisha nimeshtuka.

Kumbe kwa kreyo mwandiko wangu ni wa Papa kabisa, wa kuku vilevile. Sasa nimuonyeshe nani?