Jina la Baba Mkwe Limeandikwa kwenye Choo cha Mnadani

Shangazi Felisita, mwangaluka, na shikamoo pia. Naandika chakula hakishuki. Mimi ni kijana wa hapa Bariadi, kazi yangu ni kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, nimemchumbia Winnie, binti wa Mzee Mashimba, harusi ni mwezi ujao, na huenda isiwepo kwa sababu ya kisanduku kimoja kidogo.

Kila ramani huwa na kisanduku chini kulia, ndani yake jina la mmiliki, jina la mchoraji, skeli, tarehe na namba ya mchoro. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya Mzee Mashimba mwenyewe, na jina lake nikalifunga ndani ya kisanduku lisifutike hata kwa bahati mbaya, maana jina la baba mkwe halichezewi. Baada ya hapo kila akija mteja, badala ya kutengeneza kiolezo kitupu cha kuanzia, nikawa nafungua ramani ya Mzee, nafuta nyumba, nabaki na fremu na kisanduku, nachora cha mteja, naprinti, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye kuta na madirisha, kule pembeni sikutazama. Shangazi, ni ramani kumi na moja. Zote mmiliki ni Mzee Mashimba, na vibali vya ujenzi vimetoka kwa jina hilo hilo.

Nilishtuka choo cha mnadani kule Bukundi kilipokamilika. Fundi Bujiku ni mtu wa kufuata ramani, hajawahi kuibishia, basi kile kisanduku chote akakipaka ukutani kwa rangi nyekundu: MMILIKI MZEE MASHIMBA, SKELI 1:100. Nikasema nimekwisha. Lakini Mzee alipokwenda kuona hakukasirika, alilia kwa furaha. Akanipigia simu: "Wabeja sana, mwanangu! Wakwe wengine wameniletea ng'ombe tu. Wewe umenijengea choo!"

Sasa kila siku ya mnada anabeba kiti chake, anakaa mlangoni, anawaambia watu karibuni, jisikieni nyumbani, na akitoka hapo anazunguka kukagua majengo yake mengine. Juzi ameingia kwenye saluni ya Mama Precious inayojengwa Maswa, akaamuru dirisha lihamishwe kwa kuwa yeye hapendi upepo, na Mama Precious amenitumia ujumbe nisikanyage Maswa. Jumamosi ijayo Mzee anachinja fahali, ameita ukoo mzima uje kuzindua choo chake, na nikimwambia ukweli ataaibika na Winnie nitamkosa, na nikinyamaza wateja wangu watanimaliza. Nampenda Winnie kwa dhati. Nifanye nini?

Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litafikiriwa, na niko tayari kwa usaili siku yoyote.

Thomasi, Bariadi

SHANGAZI ANAJIBU

Mwangaluka, Thomasi. Pole. Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini, kisha nikamfikiria Winnie, nikakasirika.

Usaili wa kazi gani, wewe? Ulifungua barua yako ya zamani ya kuomba kazi, ukafuta katikati, ukaacha mkia, kama ulivyofanya ramani kumi na moja. Usimsingizie Bujiku wala kompyuta. Mvivu ni wewe, na uvivu wako umeuvika kanzu ya heshima kwa mkwe.

Leo hii, kabla hujala, fungua ukurasa mpya kabisa. Weka fremu, weka kisanduku, na pale pa mmiliki pawe wazi, programu ikuulize jina kila unapoanza kazi. Uhifadhi hicho kuwa kiolezo, na ramani ya Mzee usiifungue tena. Kisha rekebisha ramani zote kumi na moja, uende mwenyewe ofisini kueleza kosa lako, vibali virekebishwe. Maswa utakwenda. Mama Precious atakutukana, utaitikia "ndiyo, mama", na dirisha utalirudisha kwa gharama yako.

Kuhusu Mzee, usithubutu kumkabili peke yako kwa neno zito hivi. Mtume mshenga wako, aende kabla ya Jumamosi, fahali akiwa bado anakula majani. Lakini kabla ya mshenga, wewe nenda Bukundi ukawaone kamati ya mnada. Nimempigia mmoja wao, anasema tangu Mzee Mashimba aanze kukaa pale mlangoni, choo kinang'aa, maji yapo, na hakuna anayethubutu kutoka bila kunawa. Waombe awe msimamizi na jina libaki. Sidhani kama watakataa. Hapo mshenga atakuwa na la kumpoza: saluni si yako, Mzee, lakini choo wamekuachia, na mkweo amekiri kosa lake mwenyewe. Baba anayelia kwa furaha kwa ajili ya choo hatashindwa kumsamehe kijana. Bujiku afute tu "mmiliki", aandike "msimamizi", na ile skeli aiondoe, inawachanganya watu.

Neno la mwisho, na hili nakusihi kwa ajili ya mtoto wa watu. Kadi za harusi, Thomasi, anza na karatasi tupu. Nisije nikaletewa mwaliko unaosema Winnie anaolewa na Mzee Mashimba.