Tawi Lililovuka Ukuta

Praha, 3 Mei

Kaka yangu mpendwa Bořek,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Je, mgongo umepoa, na huko Hamburg wanakuacha upumzike? Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo, na dawa hataki, unamjua.

Nataka nikueleze habari za tarehe mosi. Baba alitualika mimi na Bi Drahomíra, dereva wa ile tramu ya reli anayopanda Baba kila asubuhi, twende kwenye ile bustani ya kale katikati ya mji. Alifunga tai. Nilijua kwa nini Bi Drahomíra amepaka rangi ya midomo: siku hiyo mwanamke asipobusiwa chini ya mti uliochanua, husemwa atakauka mwaka mzima. Na Baba, tangu Mama afariki, hajambusu mtu.

Lakini bustani ile unaijua. Vichaka vimenyolewa vikawa mipira na masanduku, masanamu yanakukodolea macho, hata ua moja hakuna. Tulipanda ngazi tukashuka, Baba akisimulia habari za chemchemi. Mwishowe Bi Drahomíra aliketi, akavua kiatu, akamwuliza Baba kama amezunguka Praha nzima kutafuta mahali pasipochanua kitu. “Bwana Radim wee, hata kinyozi wa jeshi angeona huruma humu!” Baba akawa mwekundu hadi masikioni. Akakiri kwamba aliichagua makusudi, kwa woga. Hajui kama watoto wake watamsamehe.

Bi Drahomíra hakumtania tena. Alivaa kiatu, akasema hakuna neno, twendeni tukale.

Kaka, mimi nilikuwa nimeliona. Kwenye kibaraza cha juu kabisa, tawi la mti wa cheri wa jirani limevuka ukuta, jeupe tupu kwa maua. Nililiona mapema, nikanyamaza kwa ajili ya Mama. Lakini nilipomtazama Baba akilegeza tai yake, nilishindwa. Nikasema kule juu kuna tawi, kwa sauti ndogo hata ikabidi nirudie.

Walipanda. Mimi nikawapa mgongo. Kisha Bi Drahomíra akaniita, akasema msichana mzima hawezi kuachwa akauke kwa kujifungia na vitabu, akanibusu shavuni chini ya tawi lile. Sikulifuta shavu. Nililia, lakini si kwa hasira.

Baba atakupigia simu Jumapili. Akinyamaza katikati, usikate. Mwulize wewe, ukimtaja kwa jina, kama Bi Drahomíra hajambo.

Jifunike vizuri usiku, na ule chakula cha moto.

Mdogo wako akupendaye,
Apolena